Injini Isiyosafiri

Tozo ya barabara ilipopanda kwa mara ya sita mwaka ule, aliyeipandisha kwa mkono wake alikuwa Mhandisi Otilia Haule. Ilikuwa Jumanne, saa sita kamili mchana. Aliketi kwenye chumba cha uendeshaji cha Mamlaka ya Barabara Hai, akaweka kidole gumba kwenye kioo, akangoja mashine imtambue, kisha akaidhinisha. Wenzake wawili wakapiga makofi. Mmoja alikuwa ameleta maandazi.

Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika moja. Kila lita ya mafuta iliyouzwa nchini ilikuwa na chembe zisizoonekana kwa macho, zilizochanganywa humo tangu bohari, na kila injini ilikuwa na kufuli lililozisoma chembe hizo kabla ya kuruhusu mafuta yawake. Kiwango cha tozo kilipobadilika makao makuu, kilibadilika katika kila tangi, hata kwa mafuta ambayo mtu alishayanunua wiki iliyopita. Kufuli lilidai nyongeza. Mwenye akiba kwenye simu alikatwa papo hapo bila hata kujua. Asiye na akiba, injini yake ilizimika. Otilia ndiye aliyelibuni kufuli hilo, miaka saba nyuma, akapewa nishani.

Dakika kumi na moja baada ya kidole chake kugusa kioo, jenereta ya zahanati ya Lumage, kijiji kimoja cha milimani kusini, ilizimika. Ndani alikuwa amelazwa Getruda Mtitu, mama wa miaka thelathini na minane aliyekuwa na nimonia, akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Muuguzi wa zamu, Osmunda Mgaya, alikimbilia simu ya zahanati akakuta akiba haifikii. Akaongeza ya kwake, bado. Akatoka nje kuomba, na watu wakachanga bila kuuliza swali, lakini mtandao ulikuwa umeelemewa kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inalipa kwa wakati mmoja. Malipo yalipopokelewa na jenereta ikanguruma tena, Getruda alikuwa ameshafariki.

Habari ilimfikia Otilia siku ya Ijumaa, ikiwa juu ya fomu. Mkurugenzi wake, Pankrasi Nditi, alimpa fomu hiyo akamwambia aende Lumage kuthibitisha kwamba kufuli lilifanya kazi kama lilivyosanifiwa. Kwenye nafasi ya chanzo cha tukio palikuwa pameshajazwa maneno matatu: uzembe wa muuguzi. Palibaki pa kuweka saini tu.

Aliondoka Jumamosi alfajiri kwa gari la Mamlaka, akipita juu ya ile ile Barabara Hai.

Barabara hiyo haikujengwa kama zilivyojengwa nyingine. Ilioteshwa. Ngozi yake ilikuwa vijidudu vilivyokula uji wa sukari na madini na kutoa jiwe, hivyo lori la tani sitini likipita asubuhi na kuacha mchubuko, jioni mchubuko ulikuwa umefunga. Ilipita juu ya nguzo, kilele hadi kilele, kutoka bandarini mpaka kwenye migodi ya chuma, na ukiwa juu yake kikombe cha chai hakimwagiki. Lakini ilikula kila siku. Uji wake ulinunuliwa nje kwa bei ambayo haikushuka hata mara moja, na kila kilomita mpya iliyooteshwa ilikuwa mdomo mwingine. Ikikosa uji, ngozi iligeuka kijivu, halafu mchanga.

Otilia aliiona Lumage kwa chini, upande wa kushoto, mabati machache na mashamba ya viazi. Hapakuwa na njia ya kushukia. Ilibidi aendelee kilomita sitini, ashuke kwenye mizani ya migodi, kisha arudi nyuma kwa barabara ya udongo iliyopasuliwa na mvua. Gari lilikwama mara mbili, na mara zote mbili watu waliokuwa wakitoka shamba walilisukuma, wakasoma maandishi ya mlangoni, wakaondoka bila kusubiri shukrani.

Alipofika alielewa kitu ambacho fomu haikukisema. Zahanati ilikuwa na paneli za jua juu ya paa, nzuri, za miaka ya karibuni. Barabara Hai ilipita juu yake moja kwa moja, na tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa kivuli chake kililala juu ya paa hilo kama blanketi. Ndiyo maana zahanati iliwasha jenereta mchana.

Osmunda alimpokea vizuri, akampa kiti. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari: jenereta ilizimika saa ngapi, alijaribu kulipa mara ngapi, nani alichanga, pumzi ya mgonjwa ilibadilika lini. Alisoma yote kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba atanyang'anywa leseni, kwa sababu ofisi ya wilaya ilikwisha kumpigia simu. Otilia alijibu kwamba hajui. Alijua.

Mume wa marehemu, Kastori Mtitu, alikuja wakiwa bado wanaongea. Ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga ya kijiji, nayo ilikuwa imezimika tangu Jumanne ile. Njia nzima kutoka kwenye gari Otilia alikuwa amesikia michi ikitwanga. Alimpa pole ya msiba, naye akaipokea kwa kichwa. Kisha akamuuliza kama yeye ndiye mjuzi wa makufuli. Otilia akakubali. Kastori akamwomba amfuate nyuma ya jengo, ilipokuwa jenereta.

Walisimama mbele yake. Ilikuwa jenereta kuukuu, imefungwa kwa nati nne kwenye sakafu ya saruji.

"Nionyeshe magurudumu yake," Kastori alisema.

Otilia alizitazama zile nati nne.

"Nakuuliza, mama. Wanasema tunalipa kwa sababu tunaichakaza barabara. Hiki kitu kimekaa hapa tangu mwaka tuliooana na Getruda. Kimekwenda wapi? Kimechakaza barabara ipi?"

Angeweza kumwambia kwamba yeye ni fundi tu na sheria hutungwa na wengine. Alikuwa na maneno hayo tayari. Alishayatumia kwenye mikutano. Badala yake alimweleza ukweli. Kufuli lilipobuniwa, kulikuwa na amri moja ndani yake: injini isiyosafiri isilipe. Kufuli lilikuwa na uwezo wa kuhisi kama injini imetulia mahali pamoja, na lilikuwa bado linao. Amri hiyo aliiandika yeye. Wiki moja kabla ya uzinduzi aliambiwa aifute, kwa maelezo kwamba wajanja wangenyonya mafuta ya majenereta na kuyatia kwenye malori. Aliifuta kabla ya chakula cha mchana.

Kastori alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Jumanne," alisema, "lilipoizima, lilikuwa linajua kwamba hii haitembei."

"Lilikuwa linajua."

Mikono ya Kastori ilikuwa imekunjwa ngumi na hakuwa na habari nayo. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini. "Ondoka, mama. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, na wewe umesimama karibu mno."

Njia nzima ya kurudi Otilia hakuwasha redio. Mwanzoni aliona aibu, na aibu ilikuwa nyepesi kuibeba. Lakini alipopanda tena kwenye Barabara Hai, gari likaacha kutikisika na kimya kile laini kikarudi, kitu kingine kilipanda kifuani. Magari ya serikali yalimpita, hayalipi tozo hata senti. Malori ya chuma yalimpita, yanalipa nusu kwa mujibu wa mkataba. Chini, michi ikitwanga. Alijikuta anaupiga usukani kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mpaka mkono ukamuuma.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Pankrasi Nditi na fomu isiyo na saini.

Pankrasi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoyafanya mazungumzo kuwa magumu. Alizaliwa kijiji kisicho na barabara kabisa. Mama yake alifia kwenye machela akiwa na uchungu wa kujifungua, watu wanne wakimbeba katika matope, na Pankrasi, mwenye miaka tisa, akitembea nyuma yao na kandambili za mama yake mkononi. Aliwahi kumsimulia Otilia mara moja tu. Alimkumbusha sasa. Alisema Barabara Hai inapitisha wagonjwa mia mbili kila mwezi kwenda hospitali ya rufaa, na hakuna anayewaandikia fomu kwa sababu wamepona.

Otilia alimwambia arudishe ile amri. Mashine za kusaga, pampu za maji, majenereta ya zahanati, viachwe.

Pankrasi alisema vitu hivyo visivyotembea vinatoa robo ya tozo yote. Alimwonyesha ramani. Uji ulisafiri kwa bomba chini ya barabara, na daraja la Mkewe, refu kuliko yote, lilikuwa mwisho kabisa wa bomba. Ukiondoa robo, wa kwanza kulala njaa ni Mkewe. Akiba yake ilikuwa ya siku mbili.

"Watu elfu kumi na moja wanavuka pale kila siku," alisema. "Si mawaziri. Mabasi, wagonjwa, wanafunzi. Unataka kumlilia mmoja, uwaangushe hao?"

"Nataka migodi ilipe kama mama wa Lumage anavyolipa."

"Mikataba si kazi yako."

"Kuua ni kazi yangu?"

Pankrasi aliikunja ramani. Kisha, kwa upole uliomchoma Otilia kuliko kelele, alisema Alhamisi saa sita tozo itapanda kwa mara ya saba, na anategemea kumwona kwenye kiti chake. Kuhusu fomu, asiposaini yeye atasaini mwingine, na muuguzi yule atasimamishwa vyovyote vile. Otilia alitoka bila kuaga.

Siku zile tatu hakuongea na mtu kuhusu jambo hilo. Alikuwa akijaribu kutafuta hesabu ambayo ndani yake hakuna anayeumia, na kila alipodhani ameipata, Mkewe lilianguka, au mashine nyingine ya oksijeni ilizimika mahali asipopajua. Hapakuwa na hesabu hiyo. Jumatano aliacha kuitafuta. Alichobaki nacho ni swali dogo zaidi: kati ya watu hawa wawili, nani ameulizwa? Mtu wa Mkewe angeweza kuambiwa asivuke, na akaziba masikio au akasikia. Getruda hakuambiwa kitu.

Alhamisi saa sita kasoro dakika mbili aliketi kwenye kiti chake. Akaweka kidole. Mashine ikamtambua. Mahali pa kuidhinisha kiwango kipya, aliandika ile amri kwa mkono, herufi kwa herufi, kama alivyoiandika mara ya kwanza: injini isiyosafiri isilipe. Makufuli yaliipokea nchi nzima kabla mwenzake wa kulia hajageuza shingo. Ili wezi wasiweze kuzima injini za watu na kudai fidia, Otilia mwenyewe alikuwa ameyasanifu hivi: amri ya kulegeza ikishapokelewa, haifutiki tena isipokuwa fundi alifuate kila kufuli lilipo na kulifungua kwa bisibisi. Yalikuwa makufuli milioni tatu na ushee.

Kisha, bila kuinuka, alifunga daraja la Mkewe kwa kila chenye magurudumu. Siku mbili za akiba hakutaka kuzichezea. Miguu ya watu daraja lingeibeba, hata likiwa na njaa.

Mwisho alichukua fomu ya Lumage, akakata yale maneno matatu, akaandika hapo jina lake mwenyewe. Aliiacha juu ya meza ya Pankrasi, ambaye alikuwa kwenye kikao, akachukua gari na kuelekea Mkewe. Hakutaka watu wale waambiwe na kipaza sauti.

Alifika saa tisa na nusu. Vizuizi vilikuwa vimeshuka pande zote mbili na foleni ilikuwa imepotelea kwenye kona. Alipojitambulisha, umati ulimzunguka. Hakuna aliyempiga, ingawa mwanamume mmoja mwenye koti la kondakta alitaka, wakamshika. Waliomjia juu zaidi walikuwa wafanyabiashara wa sokoni, na mbele yao Yustina Kihwele, mwanamke mpana mwenye kilemba cha bluu, aliyekuwa na matenga kumi na mawili ya nyanya kwenye pikapu ya kukodi.

Yustina aliuliza nani kamtuma. Otilia alisema hakutumwa. Akaeleza juu ya Lumage, jenereta, Getruda, na kwamba tangu saa sita mashine za kusaga na pampu hazidaiwi tena. Mzee mmoja alisema pampu ya kwao iliwaka mchana ule na hawakujua kwa nini.

"Huyo marehemu, Mungu ampumzishe," Yustina alisema. "Na mimi nyanya zangu zinaoza kesho. Nina watoto wanne wanaokula nyanya hizi. Nyinyi mnagombana huko juu, ngumi zinatua kwetu. Wewe na huyo bosi wako, mimi sioni tofauti yenu."

Otilia alijua kwamba mwanamke huyu ana haki, na kujua hivyo hakukupunguza hasira yake, kuliizidisha. Alikwenda nyuma ya pikapu, akashika tenga la kwanza upande mmoja, akasubiri. Yustina alivitazama viatu vya ofisini vya Otilia. Akasonya, akashika upande wa pili.

Daraja lilikuwa na urefu wa kilomita moja na nusu. Tenga la nyanya lililojaa humkata mtu vidole kabla hajafika robo. Walivuka, wakatua, wakarudi. Nyuma yao wengine walianza: abiria na mabegi vichwani, mama na mtoto mgongoni, kisha wanaume sita na mgonjwa juu ya kiti cha basi walichokifungua kwa spana. Ng'ambo, madereva waliokwama waligeuza magari kuwapokea waliovuka. Hakuna aliyeimba wala kucheka. Watu walilalamika njia nzima, wakiitaja Mamlaka, wakimtaja Otilia, na wakamtukana mbele yake bila kushusha sauti.

Mambo yaliyotokana na siku ile yalichukua muda mrefu. Osmunda alibaki na leseni yake, kwa kuwa jina la mkosaji lilikuwa limeshaandikwa. Otilia alihukumiwa miaka minne. Mkewe liligeuka kijivu siku ya nane, na siku ya kumi na tatu kipande cha katikati kikamomonyoka mtoni, asubuhi, bila mtu juu yake, kwa sababu kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kuwekewa kivuko cha kamba. Miezi saba ilipita bila gari kuvuka, na katika miezi hiyo walikufa wagonjwa wawili waliocheleweshwa. Majina yao Otilia aliyaomba gerezani, akaletewa, akayaandika kwenye karatasi pamoja na la Getruda. Migodi, ambayo malori yake yalilala foleni miezi yote saba, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuomba mkataba uandikwe upya. Wenye migodi walikubali kulipa kiwango kizima. Kastori Mtitu hakwenda mahakamani wala gerezani, na Otilia hakumtarajia.

Lakini alasiri ile hakuna aliyeyajua hayo. Otilia na Yustina walikuwa katikati ya daraja na tenga la pili polisi walipofika, wawili, wakiwa na Pankrasi Nditi. Gari lake, lenye bendera ndogo mbele, lilikuwa limezuiwa kwenye kizuizi kama mengine yote, na alikuwa ametembea robo tatu ya kilomita juani. Suti ilikuwa imemganda mgongoni.

Hakupaza sauti. Alimwambia Otilia kwamba ameharibu kazi ya miaka ishirini, na kwamba watu hawa aliojifanya kuwapigania hawatamshukuru.

"Hawajanishukuru," Otilia alisema. "Wamenitukana tangu nifike. Sikuja kuchukua shukrani, Mkurugenzi. Bado nina hasira. Nina hasira na wewe, na nina hasira zaidi na mimi, na kama ungenirudisha kwenye kile kiti sasa hivi ningeiandika tena."

Polisi mmoja, kijana mpole, alimwomba radhi kabla ya kumfunga pingu. Alilazimika kuachia tenga. Upande wake ukashuka, nyanya tatu zikadondoka na kubiringika kwenye ngozi ya barabara, na polisi wakaanza kumwongoza kurudi walikotoka. Watu wenye mizigo waliwapisha.

Yustina alibaki ameshika upande mmoja. Alimtazama Otilia akienda, akamtazama Pankrasi, suti, viatu, kitambulisho kifuani. Akaokota nyanya zake tatu, akazipangusa kwenye kanga, akazirudisha.

"Baba," alisema, "shika huku."

Pankrasi aligeuka nyuma kutafuta aliyeambiwa. Hapakuwa na mtu. Foleni ya watu ilikuwa imesimama nyuma ya tenga, imejaa upana wote wa daraja, na haikuwa na mpango wa kumzunguka.

Aliinama, akashika.